Kuizunguka Grenada kwa Siku Moja

Barabara za Grenada zinaongea kwa honi. Dereva hupiga mara mbili kabla ya kona kali ili anayetokea upande wa pili ajihadhari, hupiga mara moja kumsalimu jirani aliyeketi barazani, na hupiga tena kumshukuru aliyempisha penye daraja jembamba. Magari hupita kushoto, kama Mombasa au Dar es Salaam. Mgeni aliyekaa kiti cha mbele huchukua muda mfupi tu kuanza kuzitofautisha honi hizo, na kufikia mchana anajua ipi ni tahadhari na ipi ni salamu.

Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 35 kwa urefu, na upana wake ni kilomita 19 hivi. Aitazamaye ramani atadhani saa mbili zinatosha. Lakini barabara haina njia ya mkato. Inafuata kila ghuba, inapanda kila mgongo wa kilima na kuteremka tena mtoni, na katikati imesimama milima ya volkano inayofikia mita 840 kwenye kilele cha St. Catherine. Ndiyo maana ziara ya kukizunguka kisiwa huanza asubuhi na kumalizika jioni. Njia inayopendwa hutoka mji mkuu, St. George's, ikapanda pwani ya magharibi hadi Gouyave, ikafika Sauteurs kwenye ncha ya kaskazini, ikateremka upande wa mashariki kati ya miwa na kakao hadi Grenville, kisha ikakata msitu wa Grand Etang kurudi ilikoanzia.

Wengi wa wanaopanda mabasi madogo ya ziara hii wameshuka asubuhi hiyo hiyo kutoka meli kubwa za kitalii zilizofunga gati la Melville Street, na meli haimsubiri mtu. Yote watakayoyajua kuhusu nchi hii yenye watu zaidi ya laki moja, iliyopata uhuru tarehe 7 Februari 1974, yatatoka katika saa hizo chache. Anayeamua nini kiingie na nini kiachwe ni dereva. Yeye ndiye mshika usukani, ndiye mwalimu wa historia, ndiye anayesimamisha gari ghafla kando ya njia, akachuma jani la mdalasini, akalifikicha na kulipitisha nyuma, kiti kwa kiti, kila mtu anuse.

Vituo anavyovichagua ni vya namna mbili. Kuna vilivyoandaliwa kwa ajili ya mgeni, na kuna vile ambavyo kazi yake ingeendelea hata kama isingetia nanga meli yoyote mwaka mzima. Grenada bado ina vingi vya aina ya pili, na hapo ndipo siku nzima hupata thamani yake.

Cha kukaliwa muda mrefu kuliko vyote ni ghala la kungumanga la Gouyave, mji wa wavuvi kwenye pwani ya magharibi. Ni jengo kubwa la mbao, la ghorofa kadhaa, na harufu yake humpokea mtu kabla hajavuka kizingiti. Mzanzibari angeitambua mara moja, kwani ndiyo iliyomo ndani ya halua. Ghorofani, kungumanga zimetandazwa kwenye trei za mbao zikiwa bado ndani ya maganda yake, zinakauka kivulini kwa majuma sita hadi manane, zikigeuzwa mara kwa mara zisiote ukungu. Chini mashine inavunja maganda. Kisha kokwa zinafika mbele ya wanawake walioketi kwenye safu, nao huzichambua kwa mkono, nzima huku na iliyopasuka kule. Baada ya hapo kokwa hutiwa majini: iliyo nzito huzama, hafifu huelea, na hiyo ya kuelea huenda kwa bei ya chini. Zilizofaulu hutiwa kwenye magunia, na kila gunia hupigwa chapa ya bandari linakokwenda.

Wanawake hao hawaachi kazi kwa sababu wageni wameingia. Anayeuliza hujibiwa, lakini mikono haisimami na macho hayatoki kwenye kokwa. Watalii waliokuwa wakicheka kwa sauti ndani ya basi huanza kunong'ona. Wapo waliowahi kukwaruza unga wa kungumanga juu ya maziwa au keki maisha yao yote bila kuwaza kwamba kila kokwa ilipita katika vidole vya mtu fulani aliyekaa kwenye kigoda kutwa nzima.

Mkungumanga si mzawa wa Karibi. Asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, ambako mwaka 1621 Waholanzi chini ya Jan Pieterszoon Coen waliwaua na kuwahamisha wenyeji ili biashara yote iwe mikononi mwao. Grenada ulifika mwaka 1843, ukakubaliana na udongo wa volkano na mvua za milimani, na hatimaye ukachorwa hata kwenye bendera ya taifa. Ni mti unaotaka subira. Una jike na dume, na mkulima hawezi kujua amepanda upi mpaka utoe maua ya kwanza, jambo linaloweza kuchukua miaka mitano hadi minane. Akipata dume, amelea mti usiozaa. Ukiwa jike, tunda lake la njano iliyopauka hupasuka lenyewe likiiva, na ndani huonekana basibasi nyekundu imeikumbatia kokwa. Basibasi nayo huuzwa, kwa daraja zake.

Tangu 1947 biashara yote hii imekuwa chini ya ushirika wa wakulima wenyewe. Mkulima huleta mzigo kituoni, hupimiwa, hulipwa malipo ya kwanza, na msimu ukiwa mzuri hupata mgawo wa ziada baadaye. Msomaji wa Pemba atafananisha na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, mnunuzi pekee wa karafuu, lakini tofauti ni kubwa: kule mwenye ghala ni serikali, huku ni wenye miti. Kama mwongozaji hana muda wa kueleza ila jambo moja tu mle ndani, na aeleze hili. Mgeni atasahau hatua za ukaushaji. Hatasahau kwamba jengo alilosimama ndani yake ni mali ya watu walioleta magunia.

Nje ya ghala, vilima vinaonesha kovu. Tarehe 7 Septemba 2004 Kimbunga Ivan kilipita juu ya Grenada, nchi ambayo wengi waliamini iko kusini mno kufikiwa na vimbunga vikubwa. Cha mwisho cha aina hiyo, Janet, kilikuwa cha 1955. Watu 39 walikufa. Nyumba tisa kati ya kila kumi ziliharibiwa au kubomolewa kabisa, makanisa ya St. George's yakabaki kuta bila paa, na zaidi ya asilimia 80 ya mikungumanga ikang'olewa au kuvunjika. Siku moja kabla, Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa zao hilo, nyuma ya Indonesia. Mwezi Julai mwaka uliofuata Kimbunga Emily kikaja kumalizia kilichosalia upande wa kaskazini.

Mzee wa miaka 60 aliyeangukiwa na mikungumanga yake alikuwa na hesabu ngumu ya kufanya. Akipanda leo, atavuna kwa wingi akiwa na miaka 75 au 80, kama atafika. Wengi hawakupanda. Wengine walihamia kakao, ambayo hurudi haraka zaidi, na uzalishaji wa kungumanga haujafika tena ulipokuwa. Zanzibar iliwahi kupita katika njia hii hii. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Visiwa viwili, katika bahari mbili, vilibadilishwa sura ya mashamba na upepo wa siku moja.

Kwa nini basi ziara nyingi za viungo za Unguja, kule Kizimbani na Kidichi, humwacha mtu akiwa ameona miti lakini hajaona kazi? Mgeni huoneshwa mmea mmoja mmoja, huonja, huvalishwa kofia na tai ya makuti iliyosukwa na kijana hodari, kisha hupelekwa penye meza ya pakiti. Vijana wale wanastahili kipato chao, na ustadi wao ni wa kweli. Lakini mpandaji wa mikarafuu aliyeko juu ya tawi Pemba, familia inayokaa usiku kuchambua karafuu na vikonyo, majamvi yaliyoanikwa pembezoni mwa barabara mvua ikitishia, hayo yanabaki nje ya ratiba. Gouyave imefanya kinyume: imemfungulia mgeni mlango wa kazi yenyewe, bila kuibadilisha kazi ili impendeze.

Kutoka hapo barabara inapanda kaskazini hadi Sauteurs. Nyuma ya kanisa Katoliki na makaburi yake kuna jabali linaloangalia bahari. Katikati ya karne ya 17 Wafaransa waliokuja kufanya makazi mwaka 1649 waliwasukuma Wakalinago, wenye nchi, hadi ukingo huu, na kundi lao, karibu watu 40 kwa masimulizi ya Wafaransa wenyewe, walijitupa chini kuliko kukamatwa. Dereva mzuri hasemi mengi hapa, wala hageuzi habari hii kuwa hekaya ya kusisimua. Huwaacha wageni watazame chini, halafu huwaambia kwamba damu ya watu wale haikuisha. Wako jamaa zao hadi leo kwenye kisiwa cha Dominica, na sehemu ya asili yao imo katika familia za Grenada.

Upande wa mashariki mandhari hubadilika, miwa inatokea, na kwenye bonde moja linasikika gurudumu la maji. Kiwanda cha River Antoine kinatengeneza ramu tangu 1785, na gurudumu lake bado linasukumwa na mto kukamua miwa. Hakuna sehemu iliyopakwa rangi kwa ajili ya picha. Makapi ya miwa iliyokamuliwa hukaushwa na kurudishwa kuwa kuni za kuchemshia maji yake yenyewe. Mfanyakazi huhamisha maji hayo ya moto kutoka chungu hadi chungu kwa upawa mrefu, kisha yanaachwa kwenye matangi ya wazi, yachachuke kwa chachu iliyomo hewani. Kinachotoka mwisho kina alkoholi ya asilimia 75, kiasi ambacho hakiruhusiwi kupanda ndege, kwa hiyo kiwanda hutengeneza pia chupa za asilimia 69 kwa ajili ya msafiri. Lakini zile kali zaidi hazina haja ya kupanda ndege; zinanywewa papa hapa kisiwani, na wafanyakazi hulisema hilo kwa fahari.

Fahari hiyo inasimama juu ya ardhi nzito. Mwaka 1785 waliokata miwa hii hawakuwa wafanyakazi, walikuwa watumwa waliotolewa Afrika Magharibi na ya Kati, na sukari yao ndiyo iliyowafanya Waingereza na Wafaransa wapokonyane kisiwa: Uingereza ikakitwaa mwaka 1763, Ufaransa ikakirudisha mikononi mwake 1779, Uingereza ikakipata tena 1783. Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1834, na uhuru kamili ukaja 1838. Wenye mashamba, walipokosa mikono ya bure, wakaagiza vibarua wa mikataba kutoka India. Meli ya kwanza, Maidstone, ilifika Mei 1857. Ziara inayoonesha gurudumu bila kusema haya inaonesha mbao na maji tu.

Shamba la Belmont, mwendo mfupi kutoka hapo, lina kakao. Maganda hupasuliwa, punje zenye utelezi mweupe hujazwa kwenye masanduku na kufunikwa majani ya migomba, zikachachuka karibu juma zima. Mkulima wa Kyela angeijua harufu ile, chungu na tamu kwa pamoja. Kisha punje humwagwa kwenye trei kubwa zenye magurudumu zinazotembea juu ya reli: mvua ikija, husukumwa chini ya jengo, jua likitoka, hurudishwa nje. Wafanyakazi hupita ndani yake wakiburuza miguu mitupu, mstari hadi mstari, ili zikauke pande zote. Wageni hualikwa kuvua viatu na kujaribu. Ni mchezo kwa dakika tano. Kwa wanaoifanya tangu asubuhi ni kazi ya kiuno na visigino. Sehemu ya kakao ya maeneo haya huishia kwenye kiwanda kidogo cha chokoleti kilichoanzishwa mwaka 1999, kwa wazo kwamba anayelima kakao na apate pia faida ya chokoleti. Wazo hilo ni rahisi kulisema na ni nadra kulikuta, hata katika nchi zinazoongoza kwa kakao.

Chakula cha mchana, mwenye bahati hupata sufuria ya taifa. Wagrenada huiita oil down, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hatahitaji kufafanuliwa sana: mashelisheli, tui la nazi, manjano, majani ya magimbi, na nyama au samaki wa chumvi, vyote vimepangwa kwa tabaka ndani ya sufuria moja na kuachwa vichemke mpaka tui liishe na yabaki mafuta chini. Mpangilio wa tabaka ni elimu, na wapishi hubishana juu yake kwa moyo wote. (Asiyekula nguruwe aulize kwanza, kwa sababu mkia wa nguruwe uliotiwa chumvi hupendwa sana ndani ya chakula hiki.) Shelisheli lenyewe lililetwa Karibi mwaka 1793 na Kapteni William Bligh kutoka Tahiti, liwe chakula rahisi cha watumwa. Leo sufuria hiyo hupikwa ufukweni siku za mapumziko, majirani wakiwa wameizunguka, na kila mmoja ameleta kitu.

Karibu na Grenville kuna uwanja wa ndege wa zamani, Pearls. Njia ya kurukia bado iko, na mbuzi wanalisha pembeni mwa ndege mbili za Kisovieti zilizooza, zilizobaki tangu 1983. Wageni hupanda juu ya mabawa na kupigwa picha. Inasikitisha wanapoondoka wakidhani wameona chuma chakavu tu, kwa maana hapa ndipo wanajeshi wa majini wa Marekani waliposhuka kuivamia nchi alfajiri ya tarehe 25 Oktoba mwaka huo, na chini ya majani ya uwanja huo huo kuna vigae vya vyungu vya watu walioishi hapa karne nyingi kabla ya Columbus kukiona kisiwa mwaka 1498.

Si mbali na Grenville kuna pia kijiji ambacho ratiba nyingi hukipita bila kupunguza mwendo: La Digue. Hapa ndipo alipozaliwa Louise Langdon, aliyeondoka Grenada mwaka 1917 kwenda Montreal, akajiunga na vuguvugu la watu weusi la Marcus Garvey, akaolewa na Earl Little na kumzaa, mwaka 1925, mtoto ambaye dunia ilimjua kwa jina la Malcolm X. Oktoba 1964 mtoto huyo wa binti wa La Digue alikuwa Dar es Salaam, akakutana na Mwalimu Nyerere, na Desemba ya mwaka huo mwanasiasa wa Zanzibar Abdulrahman Babu alisimama jukwaani pamoja naye New York. Kwa basi lenye abiria Waafrika, dakika kumi za La Digue zingekuwa na maana kuliko maporomoko mawili ya maji. Dereva akiombwa mapema, atasimama.

Grand Etang, ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkano zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi limefunikwa na ukungu. Kima aina ya mona hutokea mitini kupokea ndizi. Wazazi wao wa zamani waliletwa kutoka Afrika Magharibi katika zama za meli za watumwa. Milima inayozunguka ndiyo ngome ya Julien Fédon, mwenye shamba wa asili mchanganyiko aliyeongoza uasi wa 1795, akawaachia huru watumwa wake, akaitawala karibu Grenada yote isipokuwa mji mkuu, na akamuua Gavana Ninian Home pamoja na mateka wengine zaidi ya 40. Uasi ulivunjwa mwaka 1796. Fédon hakukamatwa kamwe.

Njiani kuteremka kuna maporomoko ya Annandale. Vijana husimama juu ya mwamba, wanasubiri kundi likusanyike, kisha wanaruka ndani ya bwawa na kupanda kupokea bakshishi. Aliyesimama asubuhi juu ya jabali la Sauteurs anaweza kushindwa kupiga makofi. Wajibu wake ni kulipa hata hivyo. Wale ni watu kazini, wanahatarisha shingo zao mara kadhaa kwa siku, na msimu wa meli ukiisha mwezi Aprili mapato yao hukatika.

Kituo cha mwisho kwa kawaida ni Fort George, ngome iliyojengwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 18 juu ya bandari. Wageni huja kwa ajili ya mandhari, mapaa mekundu na maji ya bluu. Uani kuna ukuta na kibao. Tarehe 13 Machi 1979 chama cha New Jewel Movement kilimpindua waziri mkuu Eric Gairy, na Maurice Bishop, mwanasheria wa miaka 34, akawa waziri mkuu. Ngome ikapewa jina la baba yake, Rupert Bishop, aliyeuawa katika maandamano ya Januari 1974. Miaka minne na nusu baada ya mapinduzi hayo chama kiligawanyika. Bishop akawekwa kizuizini nyumbani, umati ukamtoa na kwenda naye ngomeni, askari wakaja. Tarehe 19 Oktoba 1983 yeye na wenzake saba, akiwemo waziri wa elimu Jacqueline Creft, walisimamishwa kwenye ukuta huu wakapigwa risasi. Miili yao haijapatikana hadi leo. Siku sita baadaye Marekani ikavamia.

Madereva hutofautiana sana hapa. Mmoja atasema Wamarekani waliwaokoa. Mwingine atawapeleka wageni wake hadi ukutani na kuwasomea majina yote manane. Wa tatu atawaacha wasome wenyewe, yeye akabaki garini, kwa kuwa mwaka 1983 alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka na ana ndugu pande zote mbili. Mgawanyiko huu umo hata kwenye kalenda: tangu 2023 tarehe 19 Oktoba ni Siku ya Mashujaa, na tarehe 25 Oktoba, siku ya uvamizi, imekuwa kwa muda mrefu sikukuu ya Shukrani. Ndani ya juma moja nchi hupumzika mara mbili kwa ajili ya simulizi zisizopatana. Uwanja mpya wa ndege, ulioanzwa na Wakuba wakati wa Bishop na ambao Marekani ilidai unajengwa kwa ajili ya vita, uliitwa kwa jina lake mwaka 2009, na leo ndio unaoshusha watalii. Mwongozaji anayeyasema haya yote kwa pamoja, bila kumpendelea mgeni wala serikali, amefanya kazi kubwa kuliko ile aliyolipwa.

Kutoka ngomeni hadi kwenye meli ni mwendo wa miguu unaoweza kupitia kando ya bandari ya Carenage, na hapo wenye haraka hupita sanamu ya shaba ya Kristo aliyeinua mikono, zawadi ya kampuni ya meli ya Italia. Tarehe 22 Oktoba 1961 meli ya abiria Bianca C ililipuka na kuwaka moto ikiwa imetia nanga nje ya mji huu, ikiwa na karibu watu 700. Kisiwa hakikuwa na vifaa vya kuzima moto wa namna hiyo. Wavuvi, wenye mashua za mizigo na kila aliyekuwa na kitu cha kuelea waliingia baharini, wakarudi na watu, wakaenda tena, mpaka karibu wote wakawa nchi kavu. Meli ikazama baadaye ilipokuwa ikivutwa. Abiria wale hawakuwa na dereva wala ratiba, wengi wao hawakujua Kiingereza, na hawakuoneshwa maporomoko. Walipewa nguo na chakula, wakalazwa katika nyumba za watu wa St. George's.